Mediator: Dawa ikimuumiza mgonjwa, nani hulipa na kwa njia gani?

Mahakama ya Rufaa ya Paris ilipotoa hukumu dhidi ya kampuni ya dawa ya Servier, Desemba 20 mwaka 2023, kiasi kilichotawala vichwa vya habari kilikuwa euro milioni 415. Ni rahisi mtu kusikia hivyo na kudhani kwamba hizo ni fedha za wagonjwa. Sivyo. Fedha hizo ni za kurejeshwa kwa mifuko ya bima ya afya ya Ufaransa, iliyokuwa ikigharamia kidonge cha Mediator kwa miaka mingi bila kuambiwa ukweli wote kukihusu. Faini yenyewe ilikuwa euro milioni 9 na ushei. Fidia ya watu ambao mioyo yao iliharibika ni hesabu nyingine kabisa. Ina milango yake, wataalamu wake na vikwazo vyake, na hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza katika makala hii.

Tumeichagua kesi hii kwa sababu moja. Ni nadra kupata dawa moja, katika nchi moja, ambayo waathiriwa wake wamejaribu kila njia iliyopo: mfuko wa fidia, makubaliano na kampuni, mahakama ya madai, mahakama ya jinai, hata kuishitaki serikali. Anayetaka kujua sheria inaweza kumfanyia nini mtu aliyeumizwa na dawa aliyoandikiwa na daktari wake, na kipi haiwezi, anaweza kujifunza mengi hapa.

Kidonge kilichoandikwa kwa watu milioni tano

Mediator ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1976. Kiambato chake kinaitwa benfluorex. Kwenye karatasi ilikuwa dawa ya kusaidia watu wenye mafuta mengi katika damu, na baadaye wagonjwa wa kisukari walio wanene. Kwa kuwa inapunguza hamu ya kula, madaktari wengi waliiandika pia kwa watu wasio na kisukari, waliotaka tu kupungua uzito. Bima ya taifa ililipia sehemu kubwa ya bei. Hadi inaondolewa sokoni Novemba 2009, watu wapatao milioni 5 walikuwa wameitumia, na takriban pakiti milioni 145 zilikuwa zimeuzwa.

Tatizo lilikuwa katika kemia. Mwilini, benfluorex huvunjwa na kutoa norfenfluramini, kemikali ileile inayotokana na dawa mbili nyingine za kupunguza uzito za kampuni hiyohiyo, Ponderal na Isomeride. Dawa hizo mbili ziliondolewa mwaka 1997 baada ya kugundulika kwamba jamii hiyo ya dawa inaharibu vali za moyo, vile vilango vinavyoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Vali huwa nene na ngumu, hazifungi sawasawa, damu inavuja kurudi ilikotoka. Mgonjwa anaanza kuishiwa pumzi anapopanda ngazi, kisha anapotembea, na wengine huishia kwenye chumba cha upasuaji kubadilishiwa vali. Wachache hupata ugonjwa mbaya zaidi, shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu, ambao huua.

Marekani nayo iliziondoa dawa za fenfluramini mwaka huohuo wa 1997. Miaka miwili tu baadaye, kampuni iliyokuwa ikiziuza huko, American Home Products, ilikubali mpango wa fidia wa dola bilioni 3.75, na gharama ya mwisho ilipita mara kadhaa kiasi hicho. Kwa hiyo mwaka 1999 swali la fenfluramini lilikuwa tayari na jibu, na jibu hilo lilikuwa na bei. Mediator haikuguswa. Uswisi iliacha kuitumia mwaka 1998 na Hispania mwaka 2003. Mwaka 1999, daktari wa moyo mjini Marseille alitoa taarifa kuhusu mgonjwa aliyeharibika vali akiwa anatumia dawa hiyo. Ufaransa iliendelea kuiuza kwa miaka mingine kumi.

Aliyeifikisha mwisho ni Irène Frachon, daktari wa mapafu katika hospitali ya mji wa Brest, magharibi mwa nchi. Kuanzia mwaka 2007 alipekua majalada ya wagonjwa, akawalinganisha waliotumia Mediator na wasioitumia, na kupeleka matokeo kwa mamlaka ya dawa. Juni 2010 alichapisha kitabu ambacho kichwa chake kidogo kilihoji ni watu wangapi waliokufa. Servier ilikwenda mahakamani na swali hilo likaamriwa kufutwa kwenye jalada. Mahakama ya rufaa ililirejesha Januari 2011. Wakati huo jibu la kwanza lilikuwa limeshatoka. Novemba 2010, kwa kutumia kumbukumbu za malipo ya bima ya afya, mamlaka zilikadiria kwamba dawa hiyo ilikuwa imeua watu wasiopungua 500. Makadirio ya baadaye yalianzia zaidi ya 1,000 na kukaribia 2,000.

Mfuko usiohitaji wakili

Kashfa ilipolipuka, serikali ya Ufaransa ilijua jambo moja: kama kila mgonjwa angelazimika kuishitaki kampuni kivyake, wengi wangekufa kabla ya hukumu. Julai 2011 bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha utaratibu maalumu chini ya Ofisi ya Taifa ya Fidia kwa Ajali za Kitabibu, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama ONIAM.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Mgonjwa, au familia ya aliyefariki, anapeleka jalada bila kulipia chochote na bila kulazimika kuwa na wakili. Jopo la madaktari linaloongozwa na jaji linachunguza mambo mawili: je, alitumia Mediator, na je, ugonjwa wake umetokana nayo? Jopo likikubali, linataja anayewajibika, na kampuni inakuwa na miezi mitatu ya kutoa ofa. Ikikaa kimya, ikikataa, au ikitoa ofa ndogo isiyo na maana, ONIAM inamlipa mgonjwa kwa fedha za umma kisha inaidai kampuni, pamoja na adhabu inayoweza kufika asilimia 30 juu ya kiasi hicho.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo moyo wa sheria hii. Kazi ya kumfukuzia mdaiwa inaondolewa kwa mgonjwa na kupewa taasisi ya serikali yenye mawakili na muda. Kwa maoni yetu, hakuna kifungu kingine katika sakata hili lote kilichowafaa waathiriwa kuliko hicho.

Lakini mlango kuwa wazi si sawa na kupita. Katika miaka ya mwanzo, maombi mengi yalikataliwa, na hasira zilikuwa kubwa. Kiini cha ugomvi kilikuwa uthibitisho wa chanzo. Vali za moyo huvuja kwa sababu nyingi: uzee, shinikizo la damu, homa ya baridi yabisi iliyompata mtu utotoni. Chukua mwanamke wa miaka 68 ambaye alimeza Mediator kwa miaka minne na sasa kipimo cha mawimbi ya sauti kinaonyesha vali inavuja kidogo. Ni dawa au ni umri? Takwimu zinaweza kusema kwa uhakika kwamba dawa iliharibu mioyo ya maelfu. Haziwezi kunyoosha kidole kwa huyu mmoja na kusema ni wewe. Hapo ndipo sheria inapokwama, na si kwa Mediator tu. Dawa nyingi hazileti ugonjwa wenye alama ya pekee. Zinaongeza tu uwezekano wa ugonjwa ambao ungeweza kumpata mtu hata bila dawa.

Kikwazo cha pili ni karatasi. Mtu aliyeandikiwa kidonge cha kupungua uzito mwaka 1998 hakutunza cheti cha daktari. Daktari wake amestaafu, duka la dawa limebadilisha mmiliki. Kwa waombaji wengi kilichobaki ni kumbukumbu za bima ya afya, zinazoonyesha dawa gani ililipiwa, lini na kwa nani. Kumbukumbu zilezile zilizotumika kukadiria idadi ya vifo zilisaidia pia kuthibitisha kwamba mtu fulani kweli aliitumia.

Na kiasi? Nchini Ufaransa fidia haikadiriwi kwa kumwadhibu mkosaji. Inajumlishwa kipengele kwa kipengele: asilimia ya ulemavu, maumivu, kipato kilichopotea, gharama za kusaidiwa nyumbani, huzuni ya familia. Aliyebadilishiwa vali mbili akiwa na miaka 45 anapata fedha nyingi. Mwenye uvujaji mdogo, ambaye kila mwaka anakwenda kupimwa moyo huku akiomba usiwe umeongezeka, anaweza kuambulia euro elfu chache. Servier yenyewe ilitangaza mwaka 2021 kwamba ilikuwa imetoa ofa kwa takriban wagonjwa 4,000, zenye jumla ya zaidi ya euro milioni 200. Fedha hizo si haba. Ila anayepokea ofa na kutia saini anafunga dai lake kwa madhara hayo, na mgonjwa mwenye miaka 75 hana muda wa kuweka ngumu akisubiri kiasi kikubwa zaidi. Kampuni ina muda.

Waliokwenda mahakamani

Wapo waliokataa mfuko, au waliokataliwa nao, wakafungua kesi za madai. Oktoba 2015 mahakama ya Nanterre, jirani na Paris, iliamua kwa mara ya kwanza kwamba Servier inawajibika kwa madhara ya wagonjwa wawili. Kila mmoja alipewa chini ya euro 30,000, kiasi ambacho kilikuwa mbali sana na walichodai.

Utetezi wa kampuni katika kesi hizo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndio unaotumiwa mara nyingi na watengenezaji wa dawa. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1985 kuhusu bidhaa zenye kasoro inampa mgonjwa unafuu: halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtengenezaji, bali kasoro, madhara, na uhusiano kati ya hivyo viwili. Lakini inampa mtengenezaji ngao pia. Akiweza kuonyesha kwamba sayansi ya wakati ule haikuwezesha mtu yeyote kuijua kasoro hiyo, hawajibiki. Servier ilijikinga kwa ngao hiyo. Septemba 2017 mahakama ya juu kabisa ya madai iliikataa hoja hiyo: kwa undugu wa Mediator na dawa zilizoondolewa mwaka 1997, na kwa taarifa za madhara zilizokwishatolewa, hatari ilikuwa inajulikana.

Kulikuwa na mtego mwingine, wa muda. Sheria hiyohiyo ya Ulaya inafuta haki ya kudai miaka 10 tangu bidhaa ilipoingizwa sokoni. Pakiti ya mwisho ya Mediator iliuzwa mwaka 2009, na vali ya moyo haifuati kalenda ya bunge. Novemba 2023 mahakama hiyo ya juu iliwafungulia wagonjwa njia ya pembeni: anayeweza kuthibitisha kwamba kampuni ilifanya kosa, kwa mfano kuiacha sokoni dawa iliyojua kuwa ni hatari, anaweza kudai kwa msingi wa kosa hilo bila kubanwa na ile miaka 10. Mzigo wa ushahidi ni mzito zaidi, lakini baada ya kesi ya jinai sehemu kubwa ya ushahidi huo ilikuwa tayari imeanikwa hadharani.

Kesi hiyo ya jinai ilianza Paris Septemba 2019 na kusikilizwa hadi Julai 2020, ikiwa na walalamikaji zaidi ya 6,500. Machi 29, 2021 Servier ilipatikana na hatia ya udanganyifu uliokithiri, kuua na kujeruhi bila kukusudia. Ilitozwa faini ya euro milioni 2.7 na kuamriwa kulipa fidia ya zaidi ya euro milioni 180. Aliyekuwa naibu mkuu wa kampuni alipewa kifungo cha miaka minne kilichoahirishwa. Mwanzilishi, Jacques Servier, alikuwa amefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 92.

Faida ya mahakama ya jinai haikuwa ukubwa wa faini, ambayo kwa kampuni ya namna hiyo ni ndogo mno. Ilikuwa aina ya madhara yaliyotambuliwa. Mtu aliyemeza dawa bila kuambiwa asili yake alitendewa kosa hata kama moyo wake ulisalimika, maana alinyimwa taarifa ambayo ingemwezesha kukataa. Kwa hiyo hakuhitaji kushindana na wataalamu kuhusu unene wa vali. Na rufaa ya mwaka 2023 ilikwenda mbali zaidi kwa kuitia hatiani kampuni pia kwa ulaghai, ndipo zikatokea zile euro milioni 415 za mifuko ya bima. Mahakama haikukubali ombi la waendesha mashitaka la kutaifisha faida ya euro milioni 182.

Serikali nayo haikusalimika. Mwaka 2016 Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu ya mashauri dhidi ya serikali, lilithibitisha kwamba kuanzia mwaka 1999 mamlaka zilikuwa na taarifa za kutosha kuiondoa dawa hiyo na hazikufanya hivyo. Mamlaka ya dawa yenyewe ilitozwa faini ya euro 303,000 katika hukumu ya 2021, na haikukata rufaa.

Depakine: ofisi ileile, mlipaji tofauti

Ili kuona jinsi mfuko unavyotegemea utayari wa kampuni, tazama dawa ya pili. Depakine ni dawa ya kifafa ya kampuni ya Sanofi, yenye valproate, na ni dawa nzuri kwa kifafa. Kwa mjamzito ni hatari: inaweza kumletea mtoto ulemavu wa maumbile na matatizo ya akili na lugha. Makadirio rasmi ya Ufaransa yanasema watoto kati ya 2,150 na 4,100 walizaliwa na ulemavu wa maumbile kwa sababu yake, na kati ya 16,600 na 30,400 wana matatizo ya ukuaji wa akili. Tangu mwaka 2017 familia zao nazo zinaweza kwenda ONIAM.

Tofauti ni kwamba Sanofi imekataa kulipa kupitia mfuko huo, ikisema ilizitahadharisha mamlaka na kuomba maelezo ya dawa yabadilishwe. Hivyo ONIAM imekuwa ikilipa kwa fedha za walipa kodi, kisha inaifuata kampuni mahakamani. Januari 2022 mahakama ya Paris ilisema Sanofi ilikosa umakini na haikuwapa wagonjwa taarifa walizostahili, na kuruhusu kesi ya pamoja ya familia hizo. Mama mwenye kifafa ambaye alimuuliza daktari kama aendelee na vidonge vyake, akaambiwa endelea, sasa anamlea kijana asiyeweza kujitegemea. Kwake, nani amlipe nani baadaye si jambo la kwanza. Anataka mwalimu maalumu alipwe mwezi huu.

Na kwetu?

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki watauliza haya yanawahusu vipi. Zipo taasisi zinazopokea taarifa za madhara ya dawa, kama Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nchini Tanzania na Bodi ya Dawa na Sumu nchini Kenya, na mgonjwa ana haki ya kutoa taarifa huko. Lakini taarifa hiyo ni ya kulinda wengine. Haimpatii mtoaji fidia. Kwa fidia atakwenda mahakamani, na huko ataulizwa swali lilelile la ONIAM: onyesha kwamba uliitumia. Pale ambapo dawa inanunuliwa kwa fedha taslimu, mara nyingine vidonge kumi vilivyokatwa kutoka kwenye karatasi, bila risiti na bila jina la mnunuzi popote, ni vigumu hata kufika kwenye mjadala wa vali.

Mfano pekee mkubwa wa mfuko usiohitaji kuthibitisha kosa uliozigusa nchi zetu ulikuja na chanjo za UVIKO-19. Mpango wa COVAX uliweka utaratibu wa fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zikiwemo, kwa madhara makubwa ya chanjo zilizosambazwa kupitia mpango huo. Watengenezaji walikuwa wamedai kinga dhidi ya kesi kabla ya kuziachia chanjo zao, na fidia hiyo ilikuwa upande wa pili wa kinga hiyo. Kwa dawa za kawaida, zile anazoandikiwa mama mwenye shinikizo la damu kila mwezi, hakuna aliyekuwa na haraka ya namna hiyo.

Ulaya, kwa upande wake, imebadilisha ile sheria ya 1985. Agizo jipya la mwaka 2024, ambalo nchi wanachama zinatakiwa kuwa zimeliingiza katika sheria zao ifikapo Desemba 9, 2026, linaruhusu mahakama kuilazimisha kampuni kutoa nyaraka zake. Kesi ikiwa ngumu mno kisayansi, jaji anaweza kuchukulia kwamba kasoro au uhusiano upo hadi kampuni ithibitishe vinginevyo. Kwa magonjwa yanayochelewa kujitokeza, ile miaka 10 inakuwa 25. Sheria hiyo itahusu bidhaa zitakazoingizwa sokoni baada ya tarehe hiyo. Waliomeza Mediator wanaendelea na ile ya zamani.